Nta Niliyoinyamazia

Emali, Jumapili, tarehe 8 Oktoba 1989

Mwanangu Ndinda,

Ni miaka ishirini na mitatu tangu niondoke Zombe, na katika miaka hiyo yote sijakaa mbali na kwetu zaidi ya safari ya siku moja. Watu wakisikia mtu ametoka kwao muda mrefu hivyo hudhani alivuka bahari. Mimi nilivuka mito ya mchanga na Mto Athi, nikafika kando ya barabara ya Mombasa, nikafungua kibanda cha cherehani.

Sasa ni alasiri. Wewe na mama yako mko kanisani mkiombewa safari ya kesho. Nilisema nabaki kuangalia turubai la Kombi, gari la zahanati yenu, likikauka. Mama yako akanijibu, "Turubai linakaushwa na jua, halikaushwi na macho yako." Ni kweli. Nimebaki ili niandike barua hii, ambayo nimekuwa nikiianza na kuichana tangu Jumatatu.

Sitaandika habari za kula wala kulala. Maagizo ya paa nimeyaandika kwenye kadi, nikaibandika nyuma ya kiti cha dereva: lisikunjwe likiwa na maji, lisisuguliwe kwa sabuni, na mvua ikinyesha usiguse turubai kwa ndani kwa kidole. Hayo yametosha. Ninayoandika hapa ni habari ya turubai jingine, na ya baba yako mdogo Musembi, ambaye kesho jioni utakuwa umefika kwake Tseikuru. Nimeogopa jambo moja tu: kwamba ukishaisoma utampenda yeye kuliko unavyonipenda mimi. Nilitaka ulijue hilo mapema, ili nisije nikajipamba huko mbele.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mambo haya yalitendeka kwa Kikamba, na kila nikijaribu kuyasema kwa Kikamba naisikia sauti yangu ya siku ile.

Mimi nilizaliwa wa kwanza, Musembi akanifuata miaka sita baadaye. Babu yako alikuwa na mbuzi na mizinga ya nyuki. Nilipofika darasa la nne alinitoa shuleni nikachunge, ili Musembi asome. Hakuna aliyeniuliza. Musembi alisoma hadi darasa la saba, akarudi nyumbani na Kiingereza, nami nilikuwa nimerudi nyumbani na magaga ya visigino. Vitabu nilivyosoma nimevisoma baadaye, peke yangu, kwa taa ya duka. Lakini porini nako nilifundishwa. Babu yako alinifundisha kuchonga mzinga, kuutundika, na kuupaka ndani nta mbichi, nta yenye harufu ya asali, ili nyuki wanaohama wainuse na kuingia. Mzinga usiopakwa unaweza kukaa mtupu misimu miwili. Uliopakwa vizuri, migunga ikichanua, hauchukui wiki. Musembi hakufundishwa hilo. Wakati huo alikuwa darasani.

Baadaye nilijifunza kushona magunia na maturubai, nikafungua kibanda sokoni Zombe. Musembi alipokosa kazi nilimchukua, nikamfundisha sindano. Alijifunza haraka. Kilichonichoma ni kwamba wateja walianza kumwuliza yeye. Mtu alikuwa akiingia, ananisalimu, kisha anageukia upande wa Musembi anacheka. Mama yako naye alicheka. Alikuwa na mdomo, Musembi. Akimwona mzee na punda anasema, "Mzee, huyo punda anakupeleka ama wewe ndiye unampeleka?" na mzee anaondoka amenunua kamba ambayo hakuja kuinunua.

Mwaka wa 1966 daktari mmoja mzungu, wa misheni, alikuwa akizunguka upande wetu na Kombi yenye paa la kuinuka. Unalijua paa hilo, kwa kuwa yenu ni ndugu yake: mkisafiri linashushwa, mkisimama linainuliwa upande mmoja, na pengo linazibwa na kuta za turubai. La daktari lilikuwa na mistari myekundu na myeupe. Lilikuwa linavuja kwenye mishono, na mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa karibu. Aliambiwa sokoni kwamba fundi wa turubai anaitwa Nzioka. Alipofika nilikuwa nyuma, nimeinama kwenye gunia. Musembi alikuwa mlangoni. Nilipojipangusa mikono na kutoka, walikuwa wameshamaliza. Walikuwa wanacheka kwa Kiingereza.

"Kaka, nimetupatia kazi," Musembi akaniambia. "Na anataka mtu wa kwenda naye safari, wa kufungua paa na kupanga wagonjwa. Nimesema naenda."

"Umesema wewe unaenda."

"Wewe una mtoto mchanga. Ungeenda?"

Mtoto mchanga alikuwa wewe. Nilisema singeenda. Ilikuwa kweli, na bado niliumia kwamba sikuulizwa. Hata leo sijui ni lipi lingenituliza.

Daktari alimweleza Musembi jinsi ya kuzuia maji: nta ya nyuki, mafuta ya kitani yale ya maseremala, na tapentaini kidogo, vipashwe moto ndani ya sufuria iliyokaa katika maji, kisha vipakwe turubai likiwa na joto la jua ili nta ikae ndani ya uzi. Maelezo yalikuwa sahihi. Hakumwambia kuhusu kusafisha nta, kwa kuwa alikotoka nta huuzwa dukani ikiwa safi. Musembi alikwenda kwa mrina asali, akarudi na nta kwenye karai. Ilikuwa ya kahawia, ina vipande vya sega na mabawa ya nyuki, na asali bado inang'aa pembeni. Niliinusa nikiwa bado ndani ya kibanda. Ilikuwa nta ya kuitia nyuki. Ukiipaka kwenye mzinga, babu yako angekusifu.

Alisimama mbele yangu na lile karai, Ndinda, akaniuliza. Hili ndilo nataka ulishike. Aliniuliza.

"Kaka, hii nta si iko sawa?"

Nikamwambia, "Wewe si ndiye umesoma? Endelea."

Akacheka, akadhani ni mzaha wetu wa siku zote. Akaenda akaipaka. Alifanya kazi nzuri, nami nilimtazama nikitafuta kosa. Mishono aliipitia mara mbili, pembe nazo hakuziacha. Alipomwaga kopo la maji, maji yalikimbia juu ya turubai kama yanafukuzwa. Daktari akampa mkono. Kisha wakalikunja, wakashusha paa, wakalifunga, na daktari akaenda Nairobi wiki nzima. Gari likabaki limesimama kwenye uwanja wa kanisa, lina giza ndani ya paa, lina joto, linanukia. Migunga ilikuwa imechanua.

Nilipita pale kila siku. Siku ya tatu niliona nyuki wawili wakiingia na kutoka kwenye mwanya wa paa. Nyuki wa kupeleleza huwajui kwa wingi wao, unawajua kwa jinsi wanavyorudi. Kesho yake walikuwa kumi. Nilisimama nikawatazama kama ninavyotazama mzinga wangu. Nilikuwa na siku nne za kusema. Nilijiambia labda wataondoka. Nilijiambia pia kwamba Musembi akiaibika mbele ya mzungu mara moja tu, atarudi kibandani na tutakuwa kama zamani. Sikuwa nataka aumie. Nilitaka achekwe.

Walisafiri alfajiri, kukiwa na baridi, na nyuki waliokwisha kuhamia paani wametulia. Yaliyofuata niliambiwa na wengi, kila mmoja kwa namna yake. Walipiga kambi kabla ya kufika Tseikuru. Mwanamke mmoja alikuwa amejifungua njiani, wakamlaza kwenye kitanda cha Kombi pamoja na mtoto wake. Jua lilipokuwa kali, daktari akasema paa lifunguliwe wapate hewa. Musembi akafungua vifungo, akasukuma.

Watu wote walikimbia, hata daktari, na simlaumu. Musembi pia alikimbia. Halafu akakumbuka mwanamke hana miguu ya kukimbia, akarudi. Aliwafunika kwa blanketi, kisha akalala juu ya blanketi, akakaa hivyo mpaka wachungaji wa ng'ombe walipoleta moshi. Mama na mtoto hawakuumwa hata mara moja. Musembi alipoteza jicho la kushoto.

Habari zilipofika sokoni zilifika nusu. Mtu wa kwanza alisema tu, "Turubai la Musembi lilikuwa na nyuki, kazi imeharibika." Kwa muda wa kuvuta pumzi moja, nilifurahi. Nimeishi na pumzi hiyo kuliko nilivyoishi na lile jicho. Ndipo mtu wa pili akaja na nusu ya pili.

Walimleta Zombe. Watu walipanga foleni kumwona. Mchungaji alisimama kanisani akamtaja. Mwanamke yule alimpa mtoto wake jina la Musembi, na ukoo wake ukaleta mbuzi. Mimi nilisimama kwenye foleni ya kumwona ndugu yangu wa tumbo moja, nyuma ya watu ambao sikuwajua majina. Nilipofika kitandani alinijua kwa kikohozi.

"Kaka, sasa nikipiga manati sina haja ya kufunga jicho," akasema. Kisha akauliza, "Hawa nyuki walitoka wapi?"

"Mungu ndiye anajua," nikamjibu.

"Lakini nta yangu ilikuwa nzuri," akasema. "Ungemwaga maji uone. Hakuna tone lililopita."

Nilipaswa kusema pale. Badala yake, unajua nilihisi nini? Wivu. Nilimtazama amefungwa kitambaa usoni, nikamwonea wivu kwa lile jicho. Mimi nilikuwa na macho mawili, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Hiyo ndiyo sababu niliondoka. Mama yako anaamini nilifuata kazi ya maturubai ya malori, na kazi niliipata. Sikukimbia aibu, kwa maana hakuna aliyenijua. Nilikimbia sifa zake. Nilichoka kuitwa kaka yake Musembi na watu waliokuwa wakimwita yeye ndugu yake Nzioka.

Hapa Emali wateja wamekuwa wakiniuliza, wewe ni Mkamba, mtu wa nyuki, kwa nini unatumia nta ya mishumaa ya dukani? Nawaambia ni rahisi kupatikana. Nta ya mishumaa hupasuka turubai likikunjwa asubuhi ya baridi, na nimeyapaka tena maturubai ambayo yasingehitaji kupakwa tena. Miaka ishirini na mitatu nimefanya kazi ya chini ya uwezo wangu, kwa sababu siwezi kuvumilia harufu ya nta yetu. Niliwahi kusema mbele ya watu kwamba sijawahi kumwonea fundi mwenzangu wivu. Nimewaonea wote. Nimemwonea wivu hata jirani kwa mvua, ilipoishia ng'ambo ya reli na shambani kwangu kukabaki vumbi.

Bibi yako alipofariki, ulikuwa na miaka tisa. Nilisema naumwa na mgongo, nikawatuma wewe na mama yako kwenye mazishi. Mlirudi, na kwa siku tatu hapakuwa na neno nyumbani isipokuwa baba mdogo. Baba mdogo anaiga sauti ya gari likipanda mlima. Baba mdogo amehamia Tseikuru, ana mizinga arobaini. Baba mdogo amekupa kitete, kibuyu kidogo cha asali, umekibeba mapajani njia nzima. Niliionja asali, nikakwambia imechacha, nikaimwaga nyuma ya choo. Ulilia kidogo, ukaniamini.

Haikuwa imechacha. Ilikuwa asali nzuri kuliko yoyote niliyoionja tangu nitoke kwetu. Nisamehe hilo kwanza, ni dogo, na ni lako peke yako.

Ulipomaliza uuguzi na kusema umeomba Tseikuru mwenyewe, nilikuuliza kwa nini, ukasema huko wauguzi hawataki kwenda. Nilikuamini nusu. Nusu nyingine nilisema ni yeye amekuita. Ulipoomba nitengeneze paa la Kombi ya zahanati, nilifurahi, kwa sababu hicho ni kitu ambacho yeye hangekufanyia. Niliandaa nta ya mishumaa.

Halafu Jumatatu dereva akaleta gari kutoka Tseikuru. Wewe ulikuwa Makindu kuaga marafiki. Alinipa kifurushi kilichofungwa kwa gunia. "Mzee Musembi amesema hii ni ya turubai," akasema. Ndani kulikuwa na nta, duara kubwa kama sahani ya ugali, ya rangi ya maziwa yaliyolala. Niliivunja nikainusa. Haikuwa na asali hata kidogo. Chini yake hapakuwa na uchafu, umekwanguliwa wote. Kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wake wa shule: "Kaka, nimeichemsha mara tatu na kuichuja. Nyuki hawawezi kuijua. Mtoto atalala salama."

Nilikaa chini uani, dereva akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu.

Anajua, Ndinda. Mtu mwenye mizinga arobaini amepaka nta mbichi kwenye mzinga mpya mara ngapi? Siku ya kwanza tu aliyoona nyuki wakiingia, alikumbuka paa la daktari. Na akikumbuka paa, atakumbuka alimwuliza nani, na ni nani kati yetu aliyelelewa na nyuki wa baba. Amejua kwa miaka mingi. Na kila mwaka, kabla ya Krismasi, ameniandikia barua, za mbuzi, za mvua, za kuuliza hali yako, bila neno moja juu ya jambo hilo. Sikujibu hata moja. Nilidhani ananiandikia kwa kutojua.

Sasa nitakuambia kitu ambacho ningependa kukificha kuliko vyote. Nilipoisoma ile karatasi sikuhisi kwanza shukrani. Nilihisi wivu. Amenitangulia hata hapa. Mimi nimebeba kosa miaka ishirini na mitatu kama mtu anayefanya kazi ngumu, kumbe yeye alikuwa amelibeba upande wa pili bila kulalamika, tena kwa jicho moja.

Siku ya pili niliimwaga nta ya mishumaa. Nilitumia ya kwake. Ulirudi ukanikuta ninapaka, ukasema, "Baba, leo unanukia kama kanisa." Sikukwambia nta ilitoka wapi. Nimeliosha turubai kwa maji matupu na brashi, nimezishona upya pembe mbili zilizokuwa zimelegea, nimelipasha kwa jua, nimepaka mishono mara tatu. Ni kazi bora kuliko zote nilizofanya Emali. Kazi ni yangu, nta ni yake, na nimeshindwa kuamua kuna fahari ya nani zaidi. Unaona bado ninapima.

Sina mausia mengi. Huko utakuwa na wauguzi wenzako. Mmoja atakuwa mwepesi wa maneno, wagonjwa watampenda, mganga mkuu atajua jina lake kabla ya lako. Sikwambii usione wivu. Sijui mtu anaachaje. Ninachojua ni kwamba wivu haukunituma nifanye kitu. Sikuchoma kibanda cha mtu, sikuiba. Wivu uliniomba tu ninyamaze, na kunyamaza kulikuwa kwepesi sana. Mwenzako akija na chupa ya dawa mkononi, akakuuliza, "Dada, hii si iko sawa?" mjibu palepale, kabla hujahisi lolote. Ukingoja hadi uhisi, utakuwa umechelewa.

Barua hii utakapomaliza kuisoma, mpe Musembi aisome. Isomwe yote, pamoja na mahali nilipofurahi. Sijaandika mahali popote kwamba nilikuwa kijana, wala kwamba sikujua yangefika pale. Nilijua nta ile ni ya nini. Mwambie hilo kwa mdomo pia, kwa Kikamba, kama utaweza. Akitaka kukuambia maneno ya kunijibu, sikiliza, lakini si lazima uyaandike.

Utasema, baba, kwa nini usipande Kombi kesho uje umwambie mwenyewe. Nimelifikiria hilo kila siku tangu Jumatatu. Dereva alisema nafasi ipo. Najua litakalotokea. Atatoka nje, atanijua kwa kikohozi, atanikumbatia mbele ya watu wake, na watu watasema, tazama moyo wa huyu mtu. Nami nitasimama mikononi mwake nikimwonea wivu kwa jinsi alivyonikumbatia. Nimejichunguza vya kutosha kujua kwamba hilo halijaisha. Nisingependa alipate tena kutoka kwangu, hata kama halionekani kwa nje.

Nawasikia mnakuja, mama yako anaimba ubeti wa mwisho wa wimbo wa kufunga ibada. Barua nitaitia ndani ya koti lako la kazi, uipate ukifika. Nakupenda, na ninafurahi kwamba unakwenda, ingawa naona wivu kwamba ni wewe unayekwenda. Ukweli niliokuwa nao nimekupa umpelekee. Mimi mwenyewe sitarudi.